Mapigo Manne ya Kimya

Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Tusekile hakuwahi kumsikia mumewe akipiga wimbo hata mmoja mpaka ukaisha. Watu wa Lufingo walijua kwamba Ambindwile yuko Dar es Salaam anapuliza saksafoni, domo la bata kama wenyewe walivyoliita, lakini walijua kwa kuambiwa tu. Likizo alikuja mikono mitupu. Chombo kilikuwa cha bendi, na bendi haitoi chombo kikapandishwe milima ya Rungwe kwa ajili ya kumfurahisha mke wa mtu. Kaseti alileta, tena nyingi, lakini uzigeuze utakavyo, jina lake hulioni. Palikuwa na jina la mwimbaji, jina la mpiga gitaa, hata jina la aliyepiga picha.

"Sasa wewe uko wapi hapa?" Tusekile alimuuliza mwaka wa kwanza.

"Nimo humo ndani," Ambindwile akajibu.

Tangu siku hiyo akaacha kuuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuitwa. Mwimbaji ana wimbo wake, anauona uko uchi, anataka uvalishwe. Ambindwile anaitwa studio, anausikiliza mara mbili, anaandika nani apulize nini na aanze wapi, anapuliza na wenzake wawili watatu, kisha anachukua kofia yake. Kesho yuko kwa mwingine. Alipamba nyimbo za mapenzi, za kwaya, za kampeni na za matangazo ya sabuni. Nyimbo zilizeeka na wenye nazo wakawa watu wakubwa, naye akabaki kuwa yule mzee wa domo la bata.

Tusekile alibaki Lufingo na migomba, na chai, na watoto watatu, na mama mkwe. Bibi Alinanuswe alikaa ng'ambo ya bonde, na sauti yake ndiyo iliyokuwa simu ya kijiji kabla ya simu. Alikuwa na mwito mmoja kwa watu wote. Mwanzo wa jina aliubana chini, katikati akaupandisha na kuuvuta mpaka ukavuka bonde, mwisho akauangusha, kisha akanyamaza. Hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Alisimama penye ukingo wa shamba lake akingoja, na aliyeitwa alipata muda wa kunyoosha mgongo, kuvuta pumzi na kuitikia. Kwa miaka thelathini Tusekile aliitikia vilevile, "Abee, mama! Nakuja!" na akaenda.

Bibi alifariki Julai ya mwaka jana. Ambindwile alikuwa studio siku mbili na simu imezimwa, maana ndivyo studio zilivyo. Waombolezaji walimngoja mpaka wakachoka, mvua ikatishia, wakazika. Alipofika, udongo ulikuwa umeshaanza kukauka. Alisimama pale akiwa na sanduku jeusi mkononi, saksafoni aliyojinunulia uzeeni, na tangu siku hiyo hakurudi Dar.

Tusekile hakumsamehe, na hakujificha kwamba hakumsamehe. Kila asubuhi mume alijichimbia migombani na domo lake, akapuliza sauti moja ndefu, kisha nyingine ndefu, ndiyo mazoezi ya pumzi hayo, wala hakuna wimbo uliotoka. Tusekile alisikiliza akiwa anaosha vyombo. Hakutaka kuombwa msamaha, kwani maneno ya msamaha aliyasikia mpaka yakamchosha. Alitaka kitu kimoja tu: ajue miaka ile yote ilikwenda kwenye nini. Kama ilikwenda kwenye kitu, basi. Kama ilikwenda bure, aambiwe, alie, yaishe.

*

Jumatatu ya Juma la Mateso mwalimu Wilson alipanda mpaka kwao. Wilson alikuwa kiongozi wa wapiga tarumbeta wa kanisa, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, na viatu vyake havikukosa tope hata siku moja.

"Mugonile, mama," akasalimu. "Mzee yupo?"

"Yuko huko na ng'ombe wake," Tusekile akasema, na kweli migombani kulikuwa na sauti moja ndefu inalia.

Shida ya Wilson ilikuwa Pasaka. Kanisani kwao, alfajiri ya Pasaka, watu hukusanyika makaburini kabla jua halijatoka, tarumbeta zikalia, na yakasomwa majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mwaka huu jina la bibi Alinanuswe lilikuwamo.

"Mzee, nakuomba utupangie wimbo wa mwisho," Wilson akasema. "Tuko kumi na wanne. Na wewe mwenyewe upulize na sisi."

Ambindwile akauliza, "Wazee wa kanisa wamekubali hili domo liingie makaburini?"

"Wamekubali. Mzee Abrahamu kasema, ilimradi lisije na harufu ya pombe."

Ambindwile akacheka na mkono ukamwenda shavuni. Meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yanamsumbua tangu mwezi wa pili, na alikuwa hajamwambia mtu.

"Nitaandika leo," akasema. "Kesho kutwa tufanye mazoezi."

*

Jumatano wanawake walikuwa makaburini wakipalilia na kupaka misalaba chokaa. Tusekile alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la mama mkwe wake, na jirani yake Prisca alikuwa kaburi la pili, ndoo ya chokaa katikati yao. Kutoka kanisani walisikia viti vikiburuzwa, kikohozi, kisha Ambindwile akihesabu moja, mbili, tatu.

Kilichofuata hakikuwa wimbo. Tarumbeta zilikwenda huku, tromboni zikaenda kule, na domo la bata katikati likawa kama mtu anayeamua ugomvi akapigwa na pande zote mbili. Wakaacha. Wakaanza tena. Ikawa mbaya zaidi.

"Jamani," Prisca akasema, brashi hewani, "nani kamkanyaga ng'ombe?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo. Tusekile alicheka nao kidogo, maana asipocheka wangejua. Kisha akainama akang'oa majani ambayo yalikuwa yameshang'olewa.

Kanisani, mzee Abrahamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Bwana Ambindwile," alisema kwa sauti iliyofika makaburini bila taabu, "sisi hapa tunapuliza tangu enzi za babu zetu. Huko Dar es Salaam ndivyo mnavyopuliza?"

"Kosa ni langu, mzee. Naomba niandike upya."

"Ni Jumatano leo."

"Najua, mzee."

Walirudi nyumbani mume mbele, mke nyuma, sanduku jeusi likimgonga Ambindwile gotini. Karibu na kijito Tusekile hakuweza tena kuvumilia.

"Umetutia aibu. Mbele ya Prisca! Unajua nitalisikia hilo mpaka lini?"

"Karatasi ilikuwa sahihi," Ambindwile akasema taratibu. "Ni sahihi kwa watu wa Dar. Kule tarumbeta linaandikiwa noti ya juu kidogo kuliko ile itakayosikika, na mpigaji kafundishwa hivyo. Hawa babu zao walifundishwa na wamisionari Wajerumani, wao wanaandika kile kinachosikika. Ni sawa na mimi nimekwambia tukutane saa mbili ya Kiswahili, wewe ukaja saa mbili ya Kizungu. Hakuna mwongo, lakini hatukutani."

"Kwa hiyo umetoka kijijini hapa hapa, umekwenda ukasahau saa ya kwenu."

Mume akazidisha mwendo. Alikuwa ameshika shavu, na safari hii Tusekile aliona.

*

Alhamisi kulipopambazuka uso wa Ambindwile ulikuwa umevimba mpaka jicho moja limefumba.

"Tunakwenda hospitali, Makandana," Tusekile akasema.

"Nipe siku tatu. Nikishapuliza Jumapili, wang'oe hata taya."

"Na ukifa Jumamosi?"

"Nitasomwa Pasaka ijayo."

"Usinichekeshe!" Tusekile alipiga meza kofi. "Mama yako ulimchelewa. Mimi sikubali nikuchelewe wewe. Vaa viatu!"

Alivaa mabuti, ndiyo yaliyokuwa karibu, na pikipiki ya Muddy, kijana wa bodaboda, ikawabeba wote wawili kwenye manyunyu mpaka Makandana. Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye miwani na haraka zake. Alichukua kadi.

"Kazi ya mzee?"

"Mwanamuziki," Ambindwile akasema kwa mdomo mzito.

"Wa kuimba?"

"Wa kupuliza."

Daktari aliyaangalia mabuti, akaangalia koti lililolowa, akatabasamu bila ubaya wowote. Kalamu ikaandika: *mkulima*. Tusekile aliiona. Na mwanamke huyu, ambaye kwa miaka thelathini hakuwa na hakika mumewe anafanya nini, alisikia damu inampanda kichwani.

"Daktari, andika alichokwambia."

"Mama, hii ni kadi tu."

"Ndiyo. Andika."

Akakata, akaandika. Kisha akamkagua mdomo, na uso wake ukabadilika. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa. Meno mawili ya mbele hayana wokovu, lazima yang'olewe, tena leo hii hii.

"Haya mawili ndiyo yanayokaa juu ya chombo," Ambindwile akasema. "Ukiyatoa, sipulizi."

"Tutakutengenezea ya bandia baadaye, mzee. Utakula ugali wako vizuri tu."

Ambindwile alimgeukia mkewe. Yeye mtu mzima wa miaka sitini na mbili alimtazama kama anayeomba ruhusa, na Tusekile, aliyekuwa na hasira naye tangu Julai, alijikuta anamshika mkono mbele za watu.

"Yatoke," akasema. "Yatoke, baba."

*

Walirudi mchana. Mvua ya Tukuyu, ile isiyojua Pasaka wala Krismasi, ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zote. Ambindwile, pamba mdomoni, amekatazwa kusema, alilisukuma sanduku jeusi uvunguni. Tusekile alidhani atalala. Badala yake alitoa karatasi, akazipanga mezani, akachukua rula ya shule ya mtoto wao wa mwisho na kumpa mkewe, akamwonyesha: mistari mitano, nafasi, mistari mitano.

Akapiga mistari. Mume akawa anaandika.

Mwanzoni Tusekile aliona vichwa vidogo vyeusi tu, kama viluwiluwi. Kisha akaanza kumwangalia mwandishi badala ya maandishi. Ambindwile hakuwa na chombo, hakuimba, hakupiga hata mluzi, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angeita mlangoni wasingemsikia. Lakini alikuwa anasikia. Kichwa kiliinama upande kama cha mtu anayesikiliza chumba cha pili. Aliandika karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano. Kwenye ya tisa akasita ghafla, akakunja uso, akairudia ya tatu, akafuta noti moja, akaishusha mstari mmoja, na uso ukakunjuka.

Tusekile aliacha kupiga mistari. "Umesikia nini?"

Alichukua kidole cha mkewe. Akakiweka kwenye karatasi moja, akaandika pembeni *Wilson*. Akakipeleka kwenye nyingine, *tuba*, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Akakitembeza juu ya karatasi zote mbili pamoja, taratibu, mpaka mahali fulani akakigonga mezani mara moja: hapa wanakutana. Kisha akaonyesha ile iliyofutwa, akatikisa kichwa: hapa walikuwa wanagongana.

"Unawasikia wote? Kumi na wanne? Na mvua hii?"

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kama anajua njia ya kwao.

Tusekile alishikwa na woga ule unaomshika mtu akiingia kanisani peke yake siku isiyo ya ibada. Alikuwa akifikiri kazi ya mumewe iko kwenye domo la bata, kwamba limefungiwa uvunguni na kazi imekwisha. Kumbe domo lilikuwa jembe tu. Shamba lenyewe lilikuwa humu, nyuma ya paji hili la uso lililovimba, na yeye amelala nalo kitanda kimoja kila likizo bila kujua.

"Ndiyo kazi uliyokuwa unafanya? Siku zote?"

Akaitikia tena, akamsogezea rula.

*

Ijumaa Kuu, baada ya ibada, Tusekile alimpelekea Wilson karatasi yeye mwenyewe, zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kanga. Wilson alizipokea kwa mikono miwili, akasimama kwenye varanda ya kanisa akizisoma, midomo ikitikisika.

"Sasa ni saa yetu," akasema akicheka. "Hii ni saa ya Kiswahili kabisa." Kisha akaacha kucheka. Akairudia karatasi moja. "Mama, subiri. Hiki kipande cha mwisho nakijua!"

Akatoa simu, akatafuta, akaweka wimbo. Tusekile aliujua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nani asiyeujua? Harusi gani Rungwe nzima, Mbeya nzima, ilikwisha bila wimbo huo? Alikuwa ameucheza mwenyewe siku ya kumuaga binti yake. Gitaa zinakimbia, ngoma zinakimbia, kisha tarumbeta zinaingia juu, fupi, kali, zinakata ghafla, na ukumbi mzima unapiga kelele "Eeeh!" Siku zote, hata akiwa shambani na redio iko kwa jirani, kipande kile kilimfanya ainue kichwa, asijue kwa nini.

"Nimejifunza tarumbeta kwa kukiiga kipande hiki," Wilson akasema. "Nilikuwa darasa la sita. Miaka yote nimetafuta nani alikipanga." Aliutazama mwandiko wa penseli. "Na alikuwa wa hapa hapa Lufingo. Na Jumatano tumemcheka."

Tusekile alishika nguzo. Alitaka kukaa chini, lakini varanda ilikuwa imelowa.

"Ila kuna kitu," Wilson akasema. "Kwenye wimbo, tarumbeta zikikata, watu wanapiga kelele. Hapa kakifanya polepole sana, halafu kaacha mapigo manne matupu. Hakuna anayepuliza. Makaburini nani atapiga kelele? Muulize kama amesahau."

Alimuuliza. Ambindwile alichukua penseli akaandika neno moja: *Paachwe.*

*

Alfajiri ya Pasaka mvua ilikuwa imekatika na ukungu umekaa bondeni. Watu walisimama kati ya misalaba myeupe, wamejifunga kanga na makoti, hakuna anayesema kwa sauti. Ambindwile alisimama mbele, uso umeanza kunywea, mdomo umefungwa. Saba kati ya wapiga tarumbeta walikuwa naye. Saba wengine hawakuonekana. Alikuwa amewatuma ng'ambo, kwenye ukingo wa mashamba ya chai, na mzee Abrahamu alikuwa ameuliza mara mbili kama wamepotea.

Mchungaji alisoma majina. Kila jina lilikuwa na mtu wake aliyeinamisha kichwa.

"Alinanuswe, mama wa Ambindwile, wa Lufingo."

Ambindwile akainua mkono.

Tuba ilianza chini kabisa, ukaisikia miguuni kabla ya masikioni. Tromboni zikaja juu yake, kisha tarumbeta za Wilson zikaingia na ule wimbo wa kanisani ambao kila mtu pale aliujua tangu utotoni, lakini hakuna aliyewahi kuusikia umesimama hivyo, mpana, kila sauti ina nafasi yake na mahali pa kukanyaga. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Prisca alishika mdomo. Mzee Abrahamu alivua kofia ambayo kwa kawaida alikuwa anaivua kwa Mungu peke yake. Tusekile aliwatazama watu saba wakitembea ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mumewe, na hakuwa anatoa hata sauti. 

Wimbo ukafika mwisho. Saba wa huku wakashusha tarumbeta zao. Ambindwile akageukia bonde, akanyoosha mkono wa pili kuelekea ng'ambo kwenye ukungu.

Kutoka ng'ambo, kulikotoka sauti ile kila siku kwa miaka thelathini, tarumbeta zikapiga. Sauti mbili chini, zimebanwa. Ya tatu ikapanda, ikavutwa, ikavutwa, ikavuka bonde lote. Ya nne ikaanguka.

Haukuwa wimbo wa harusi. Haikuwepo gitaa ya kuuficha wala ngoma ya kuukimbiza. Ulikuwa mwito wa bibi Alinanuswe. Siku fulani ya zamani, studio, kijana mmoja aliambiwa ajaze mahali patupu, akakosa la kujaza, akaweka namna mama yake alivyomwita kutoka ng'ambo ya bonde aje anywe uji. Na nchi nzima ikaucheza. Mabasi yaliupiga, baa ziliupiga, maharusi waliingia nao ukumbini, na kila mara mama yule alikuwa anaita, na watu wasiomjua walikuwa wanaitika. Hapo ndipo miaka yake ilipokuwa, Tusekile akaona, yote, haikupotea hata mmoja.

Kisha kimya. Pigo la kwanza. 

Na Tusekile, mgongo umenyooka wenyewe, pumzi imeingia yenyewe, akafungua mdomo mbele ya kanisa zima.

"Abee, mama! Nakuja!"

Watu waligeuka. Hakuna aliyecheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka Ambindwile mpaka kwenye kidevu kilichovimba, lakini mkono wake ulibaki juu, umewazuia watu kumi na wanne wasipulize, mpaka mke wake amalize kuitika.